Elimu ya Metabolomiki na Siri ya Mitishamba

Tangu zamani watu wamekuwa na maswali mawili juu ya kila jani, gome na mzizi utumiwao kwa tiba. La kwanza, je, dawa hii huponya? La pili, huponya kwa kitu gani, na kwa njia gani? Swali la kwanza hujibiwa kitandani mwa mgonjwa, na la pili hujibiwa katika maabara. Na katika kila nchi watu walidai kuwa na jibu la kwanza karne nyingi kabla ya kulifikiri la pili. Jina la mwarobaini ni mfano ulio karibu na kila msemaji wa Kiswahili. Mti huo ulipewa jina lake kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini. Jina hilo ni dai juu ya swali la kwanza. Juu ya swali la pili liko kimya kabisa. Historia ya kemia ya mitishamba ni historia ya jitihada ya kukivunja kimya hicho. Kwa miaka mia mbili na zaidi jitihada hiyo ilifuata njia moja nyembamba, nayo ni kukitafuta kitu kimoja chenye nguvu ndani ya jani na kuvitupa vingine vyote kama makapi. Elimu mpya iitwayo metabolomiki imeipanua njia hiyo. Yafaa itazamwe ilitoka wapi, imeonyesha nini, na ni jambo gani ambalo haina uwezo wa kulifanya.

Mwanzo wa njia nyembamba waonekana vema katika kisa cha William Withering, tabibu wa Uingereza. Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya ugonjwa wa mwili kuvimba kwa maji. Dawa hiyo ilikuwa siri iliyotunzwa na mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire, ambaye mara nyingine alifaulu pale waliposhindwa matabibu wa kawaida. Ilikuwa mchanganyiko wa mimea 20 au zaidi. Withering, aliyekuwa bingwa wa elimu ya mimea, aliona bila taabu kubwa kwamba mmoja tu katika mimea hiyo, digitalisi, ndio uliokuwa na nguvu. Akaitenga mingine yote, akaujaribu huo mmoja kwa miaka 10, akapima kiasi cha kumfaa mgonjwa na kiasi cha kumdhuru, na mwaka 1785 akachapisha kitabu juu yake. Kazi hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana digitalisi ni sumu kali, na mgonjwa aliyepewa kiasi kisichojulikana aliweza kufa kwa dawa iliyokusudiwa kumponya. Lakini mambo mawili yaliachwa nyuma. Jina la mwanamke yule halikuandikwa; na hapana aliyeuliza kama ile mimea mingine ilikuwa pambo tu, au nayo ilikuwa na kazi yake.

Alichokifanya Withering kwa mimea, wanakemia walikifanya kwa vitu vilivyomo ndani ya mmea. Mwanzoni mwa karne ya 19 Friedrich Sertürner, mtengenezaji dawa kijana wa Paderborn katika Ujerumani, aliitoa mofini katika afyuni. Mwaka 1820 Pierre-Joseph Pelletier na Joseph-Bienaimé Caventou waliitoa kwinini katika gome la mkwinini huko Paris. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich aliitoa salisini katika gome la mwerebi, mti uotao kando ya mito ya Ulaya, ambao kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, alikuwa ameandika mwaka 1763 kwamba unga wa gome lake hupunguza homa. Faida ya kazi hizi ilikuwa kubwa mno. Gome la mlima mmoja halikuwa sawa na gome la mlima wa pili, na muuzaji mwaminifu na muuzaji mdanganyifu waliuza bidhaa zao kwa jina moja. Kitu safi kilipimwa kwa mizani, kikawa ni kilekile popote kilipopelekwa. Utabibu wa leo umejengwa juu ya msingi huo, na hapana mwenye akili ambaye angetaka kuung'oa.

Hata hivyo gome la mwerebi lilikuwa na fundisho ambalo halikusomwa kwa haraka. Salisini, kama ilivyo ndani ya gome, siyo hasa ituulizayo homa. Inapomezwa hugeuzwa katika matumbo na ini mpaka ikawa asidi ya salisiliki, na asidi hiyo ndiyo ifanyayo kazi. Wanakemia waliijua asidi hiyo wakaitengeneza wenyewe, na mwaka 1897 Felix Hoffmann, katika kiwanda cha Bayer, aliigeuza kuwa aspirini. Basi dawa ya mwerebi haimo yote katika mwerebi. Sehemu ya utengenezaji wake hufanywa na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo njia ya kitu kimoja ilikuwa na mapengo mawili. Iliwasahau wenzi wa kitu kile ndani ya jani, na ikausahau mwili unaokipokea.

Ushindi mkubwa wa njia hiyo katika karne ya 20 ulipatikana China. Tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa vimelea vya ugonjwa huo vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa Beijing, alitiwa katika mpango huo. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya dawa 2,000 hivi kutoka katika vitabu vya kale na kwa matabibu wa jadi, wakajaribu mamia ya sampuli kwa panya. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao kwa Kichina na Artemisia annua na wataalamu wa mimea, ulionyesha nguvu, kisha nguvu ile ikapungua katika majaribio yaliyofuata. Tu Youyou akakirudia kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, ambamo mgonjwa wa homa ameagizwa aroweke konzi moja ya qinghao katika maji, aikamue, ayanywe maji yake. Kitabu hakikutaja kuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio ulioharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli ya 191 iliwaua vimelea wote katika panya waliojaribiwa. Mwaka 1972 fuwele safi za artemisinini zikapatikana, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel.

Kisa hiki husimuliwa kuwa ni ushindi wa kitu kimoja safi juu ya mkorogo wa jani, na kwa sehemu kubwa ndivyo kilivyo. Lakini mgonjwa wa Ge Hong hakunywa fuwele; alikunywa kila kilichotoka katika konzi ile ya majani. Mwaka 1987 ilionyeshwa, katika majaribio ya vimelea waliokuzwa nje ya mwili, kwamba kastisini, mmoja wa wenzi wa artemisinini ndani ya jani, huongeza nguvu ya artemisinini juu ya vimelea hao, ijapokuwa wenyewe si dawa kali. Tena Shirika la Afya Duniani, lilipoipokea artemisinini, lilipendekeza mwaka 2001 kwamba itolewe pamoja na dawa ya pili, ili vimelea visipate nafasi ya kuizoea. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wanakemia walioondoa wenzi wa kitu kile katika jani walilazimika kukitafutia mwenzi mwingine kiwandani.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini mgonjwa asinywe jani lenyewe? Swali hilo lilijaribiwa kwa haki katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa wa malaria waligawanywa kwa kura. Wengine wakapewa chai ya Artemisia annua, wengine kwinini. Siku ya 7 waliopona kwa chai walikuwa wastani wa asilimia 74, na waliopona kwa kwinini asilimia 91. Kisha katika siku zilizofuata ugonjwa uliwarudia wengi wa wanywaji wa chai. Jibu la swali la kwanza likawa wazi, kwamba chai peke yake haimtoshi mgonjwa wa malaria. Lakini swali la pili likawa gumu kuliko mwanzo. Artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji. Basi ni nini kilichowapa nafuu wale wengi, hata kama nafuu yenyewe haikudumu? Njia ya kitu kimoja haikuwa na chombo cha kulijibia swali la namna hiyo.

Kwa kweli wanakemia hawakushikamana na kitu kimoja kwa sababu ya kiburi peke yake. Hawakuwa na jicho la kuona vitu vingi kwa pamoja. Jicho hilo lilitengenezwa polepole, na hatua yake ya kwanza ilianza kwa jani. Katika miaka ya 1903 hadi 1906 Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw, aliumimina utomvu wa majani juu ya unga wa chaki ulioshindiliwa katika bomba la kioo. Rangi ya kijani iliyodhaniwa kuwa moja ikashuka chini kwa mwendo tofauti, ikajitenga mistari mistari, kijani na manjano, kila kitu mahali pake. Akaiita njia hiyo kromatografia, yaani kuandika kwa rangi. Mwaka 1941 Archer Martin na Richard Synge wa Uingereza wakaiboresha hata ikaweza kutenganisha vitu visivyo na rangi. Huko Cambridge Francis Aston, akifuata nyayo za J. J. Thomson, alikuwa amekamilisha mwaka 1919 chombo cha kupima uzito wa atomu na molekuli kwa nguvu za umeme na sumaku. Na mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell wa Marekani, kila mmoja na wenzake na bila kushirikiana, waliona namna ya kuzifanya nuklia za atomu zijibu mawimbi ya redio zikiwa ndani ya sumaku, kila moja kwa sauti inayotangaza majirani zake ndani ya molekuli.

Upande wa mwili nao ulikuwa na historia yake. Matabibu wa kale wa Ulaya, Asia na nchi za Kiarabu waliutazama mkojo wa mgonjwa, rangi yake, harufu yake na uzito wake, wakidai kusoma humo habari za viungo vya ndani. Katika madai hayo mlikuwa na upuuzi mwingi, lakini mlikuwa na ukweli pia. Katika karne ya 17 Thomas Willis wa Uingereza aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa fulani una utamu kama wa asali, na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool akaonyesha kwamba utamu huo ni wa sukari. Katikati ya karne ya 20 Roger Williams, mwanakemia wa Texas, aliitumia kromatografia ya karatasi kupima vitu vingi kwa pamoja katika mkojo na mate ya watu, akaona kwamba kila mtu ana mchoro wake, kama alivyo na sura yake.

Ndipo ukafika mwaka 1971. Katika mwaka uleule ambao Tu Youyou alikuwa akikaribia kitu kimoja safi huko Beijing, Linus Pauling na wenzake wa California walichapisha uchunguzi wa mvuke wa mkojo na pumzi ya mwanadamu. Katika pumzi waliona dalili za vitu 250 hivi, na katika mvuke wa mkojo vitu 280 hivi, vyote kwa kipimo kimoja. Hapana aliyemjua mwenziwe. Lakini kwa mwenye kuitazama historia kwa nyuma, mwaka huo ni kama njia panda: kule Beijing swali la zamani lilikuwa likipata jibu lake zuri kuliko yote, na kule California swali jipya lilikuwa likizaliwa.

Jina lilikuja baadaye kuliko kazi. Neno metaboloma liliingia katika maandishi ya wataalamu mwaka 1998. Mwaka 1999 Jeremy Nicholson na wenzake wa London, ambao tangu miaka ya 1980 walikuwa wakichunguza mkojo kwa sumaku na mawimbi ya redio, wakaipa kazi yao jina la metabonomiki. Na mwaka 2000 Oliver Fiehn na wenzake wa Ujerumani wakaonyesha kwamba vitu 326 vyaweza kupimwa kwa pamoja katika majani ya mmea mdogo mmoja. Maneno haya yaweza kuelezwa kwa wepesi. Metaboliti ni vitu vidogo vidogo ambavyo kiumbe hai huvitengeneza, huvitumia na kuvitupa katika shughuli ya kuishi: sukari, asidi, mafuta, rangi, sumu, manukato. Jumla ya vitu hivyo katika jani, au katika damu, kwa wakati fulani, ndiyo metaboloma. Na metabolomiki ni elimu ya kuipima jumla hiyo kwa pamoja, bila kuamua mapema ni kitu gani kilicho muhimu.

Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Withering aliamua mapema. Mwanametabolomiki hujizuia kuamua. Huchukua sampuli nyingi, za majani au za mkojo na damu, huzipitisha katika vyombo vilivyotajwa, navyo huchora mstari wenye vilele mamia au maelfu, na kila kilele ni alama ya kitu fulani. Kisha hesabu hufanya kazi ambayo jicho haliwezi. Kila sampuli, pamoja na vilele vyake vyote, hugeuzwa kuwa nukta moja katika mchoro. Zinazofanana hukaa karibu, na zinazotofautiana hutengana. Wagonjwa hujikusanya upande mmoja na wazima upande wa pili. Ndipo huulizwa ni vilele vipi vilivyozitenga nukta hizo, na vilele hivyo hutafutiwa majina.

Kwa mitishamba elimu hii imeleta huduma mbili. Ya kwanza ni kulijua jani lenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Leiden na Pretoria walichapisha uchunguzi juu ya pakanga ya Kiafrika, Artemisia afra, ambayo ilikuwa ikitajwa kuwa dawa ya malaria kama nduguye wa China. Michoro ya mimea hiyo miwili ilitengana waziwazi, na katika pakanga ya Kiafrika artemisinini haikuonekana. Undugu wa jina haukuwa undugu wa dawa. Thamani ya maarifa kama hayo huonekana katika msiba wa Ubelgiji. Katika mwaka 1992 na 1993 matabibu wa Brussels waliona wanawake wengi wakiharibikiwa na figo. Wote walikuwa wamepewa vidonge vya mitishamba ya Kichina ili wapungue unene. Mmea mmoja wenye jina la Kichina fang ji ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina lililokaribiana nalo, wa jamii ya Aristolochia, ambao una asidi yenye sumu ya figo na yenye kuleta saratani. Walioathirika walizidi 100. Mchoro mmoja wa metaboliti ungezitenga dawa hizo mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza kumeza kidonge.

Huduma ya pili ni kuusoma mwili unaopokea dawa. Mwaka 2005 Nicholson na wenzake walitoa habari za watu 14 wazima waliokunywa chai ya maua ya kamomili kwa wiki 2. Mkojo wao ulichunguzwa kabla ya kunywa, wakati wa kunywa, na wiki 2 baada ya kuacha. Katika mkojo wa wanywaji hipureti, kitu kinachotengenezwa kwa ushirikiano wa mwili na bakteria wa matumbo, kiliongezeka, na alama ya chai haikufutika mara walipoiacha. Chai ambayo wengi wangeiita kinywaji cha kujifurahisha ilikuwa imeyagusa maisha ya bakteria wasiohesabika ndani ya tumbo.

Bakteria hao ndio walioziba mojawapo ya mapengo ya zamani. Berberini ni kitu cha manjano kilichomo katika mizizi michungu ambayo Wachina wameitumia kwa muda mrefu kutibu kuhara. Wataalamu walitatizwa nayo, kwa kuwa hupita katika matumbo bila kunyonywa ila kwa kiasi kidogo, na huku ilionekana kushusha mafuta na sukari katika damu. Mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kwamba bakteria wa matumbo huigeuza kuwa umbo jingine linalonyonywa kwa wepesi zaidi, kisha ukuta wa matumbo huirudisha katika umbo lake la kwanza. Fundisho la mwerebi likarudi kwa nguvu mpya: mtengenezaji wa dawa hakai katika duka la dawa tu.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na swali la yule mwanamke wa Shropshire ulitoka Harbin, kaskazini ya China. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa karne ya 2 na mwanzo wa karne ya 3, aliacha dawa ya manjano ya macho na ngozi, iliyotengenezwa kwa mimea mitatu: pakanga ya aina nyingine, tunda la gadenia, na mzizi wa rubarbu. Wang Xijun na wenzake waliwachukua panya walioumizwa ini, wakaufuata mkojo wao kwa njia ya metabolomiki. Ugonjwa ulizisogeza nukta za panya mbali na mahali pa wazima, na dawa ile ikazirudisha. Wakachukua kitu kimoja kikuu kutoka katika kila mmea, wakavijaribu kimoja kimoja, viwili viwili, kisha vyote vitatu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013, vitatu kwa pamoja vilishinda kimoja na vilishinda viwili. Walijaribu panya, si watu, na jambo hilo lisisahauliwe. Hata hivyo kwa mara hii ule mkusanyiko wenyewe, ambao kwa njia ya zamani ungevunjwa kabla ya kuulizwa lolote, uliruhusiwa kujibu kwa ajili ya nafsi yake.

Sasa mipaka ya elimu hii nayo itajwe, maana sifa bila mipaka ni udanganyifu. Kwanza, sehemu kubwa ya vilele vinavyochorwa na vyombo bado haina majina. Mtafiti huona kwamba kitu kimebadilika bila kujua ni kitu gani. Pili, mkojo wa mwanadamu hubadilika kwa chakula, kwa usingizi, kwa umri na kwa mazoezi, na mahali penye vilele elfu moja hapakosi kamwe vichache vitakavyopanda au kushuka kwa bahati tu. Tatu, na hili ndilo kubwa, metabolomiki hujibu swali la pili, nalo si badala ya la kwanza. Nukta iliyosogea katika mchoro si mgonjwa aliyepona. Mtu aweza kueleza kwa ufasaha njia ambayo dawa hupitia mwilini, na dawa yenyewe isiponye. Jibu la swali la kwanza bado hutafutwa kama lilivyotafutwa katika Kongo, kwa kuwagawanya wagonjwa kwa kura na kuwahesabu waliopona.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuyajua haya. Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizolima Artemisia annua kwa ajili ya viwanda vya dawa. Hapo Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha uchunguzi wa dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, kinywaji chenye artemisia kilitolewa katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na nchi kadhaa za Afrika zikakipokea, Tanzania miongoni mwao. Mabishano makali yalitokea, na katika mabishano hayo maswali mawili yalichanganywa. Wengine waliona kwamba kwa kuwa jani lina vitu vingi vyenye nguvu, basi linaponya. Na wengine waliona kwamba kwa kuwa haijathibitishwa kuponya, basi halistahili kuchunguzwa. Makosa hayo mawili ni ndugu. Na wakati hausubiri mabishano. Vimelea vya malaria vilivyoanza kuizoea artemisinini vilithibitishwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania mwaka 2024. Dawa ya baadaye yaweza kutoka katika kitu kimoja kipya, na yaweza kutoka katika mkusanyiko ambao bado haujaulizwa neno.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la haki kuliko la kemia. Maadamu dawa ilihesabiwa kuwa ni kitu kimoja, aliyekitenga kitu hicho katika maabara ndiye aliyekuwa mvumbuzi wake. Mganga alikuwa mwonyeshaji wa njia tu, aliyesimama mlangoni akashukuriwa kisha akasahauliwa. Lakini pakithibitishwa kwamba nguvu imo katika mkusanyiko, katika kuchagua mmea huu na ule, katika kuroweka badala ya kuchemsha, mtu aliyeupanga mkusanyiko huo amefanya kazi ya uvumbuzi, ingawa hakuwa na mizani wala sumaku. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010, yaliyoanza kutumika mwaka 2014, yametaka faida zitokanazo na mimea na maarifa ya wenyeji zigawanywe kwa haki. Sheria kama hiyo huhitaji ushahidi, na metabolomiki yaweza kuwa mojawapo ya mashahidi.

Kwa hiyo elimu hii haikuja kumpa ushindi mganga juu ya mwanakemia, wala mwanakemia juu ya mganga. Kwa mganga imekubali kwamba jani ni zaidi ya kitu kimoja na kwamba mwili husomwa wote. Kwa mwanakemia imekubali kwamba kisichopimwa hakiaminiki. Kila mmoja hupewa pia deni lake: mganga aseme wazi ni mmea gani, wa mahali gani, uliochumwa lini na kutengenezwa namna gani, na mwanakemia aandike jina la aliyemwambia.